Tawi la Mlangoni

Mume wangu ni mtu wa Kate, kijiji cha Ufipa, na watu wa kwao hawapendi kelele. Mimi nilizaliwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako mtu akiwa nchi kavu anamwita mwenzake aliye kwenye mtumbwi na kujibiwa, kwa hiyo kelele ninazo za kututosha wote wawili. Nalisema hili mapema ili msomaji asishangae mbele ya safari. Katika habari hii yote mume wangu alisema maneno machache sana, na yaliyobaki niliyasema mimi.

Tuna mashine ya kusaga pale Kizwite, mjini Sumbawanga, ndani ya chumba cha tofali za kuchoma chenye bati jekundu. Ilinunuliwa kwa ng'ombe wa mama mkwe. Alipofiwa na mumewe alisema ng'ombe wanataka mchungaji, na watoto wake wote wamekwisha kuwa watu wa mjini. Akawauza wote, akamkabidhi mume wangu fedha mbele ya wazee wa ukoo, akasema neno moja tu: "Nisije nikasikia vyuma vyangu vimelala."

Tangu hapo kwake mashine ile ilikuwa ndiyo ng'ombe wenyewe. Akija mjini, kabla hajakaa, atauliza, "Hawajambo?" nasi tunajua anauliza habari za mota na kinu. Na akija na gunia lake la kusaga, hapiti mlango wa nyuma. Anapanga foleni na watu, anasagiwa, analipa kama mtu mwingine. Mwanawe akikataa kupokea, anaiweka hela juu ya mizani na kuondoka. Mwanzoni nilidhani ni maringo ya mama mkwe. Baadaye nikaelewa kwamba mtu hali ng'ombe wake mwenyewe akabaki na zizi.

Halafu ukaja ule wakati ambao huku kwetu kila mtu ana jina lake la kuuita. Kuna wanaosema wakati wa ugonjwa, kuna wanaosema wakati wa mbolea. Mbolea ilipanda hadi watu wakalima nusu ya shamba, na hiyo nusu wakaiuza ikiwa bado mbichi. Mtu aliyezoea kuja na gunia akaja na debe. Wa debe akaja na sado, tena anaomba asagiwe kwanza, atalipa mavuno. Umeme haukopeshi. Mota ikaungua, tukaitengeneza kwa kukopa, ikaungua tena. Kodi ya mwaka ule tulilipa robo ya kwanza, zilizofuata tukaziangalia tu zikipita.

Ndipo mume wangu akasema tushuke Ilemba, bondeni, tukakodi majaruba tulime mpunga mpaka hali itengemae. Nilikubali. Njaa haina mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka tulifunga mlango wa mashine kwa kufuli kubwa. Mizigo iko juu ya gari, dereva anapiga honi, mume wangu akarudi nyuma ya nyumba ya jirani kwenye mikaratusi, akakata tawi bichi refu, akalilaza chini mbele ya mlango, ukutani hadi ukutani.

"Hilo nalo la nini?" nikamuuliza. "Si tumefunga kufuli?"

"Kufuli ni la wezi," akasema. "Tawi ni la watu."

Kwao, mtu akiihama nyumba kwa muda kwenda kulima mbali, hulaza tawi kizingitini. Tawi linasema: wenyewe hatujafa wala hatujatoroka, tuko shambani, tutarudi. Mgeni akiliona anageuza. Mdai naye anageuza, wala hanung'uniki, kwa sababu mtu aliyekwenda shambani amekwenda kulitafuta deni lake. Na tawi hilo haliondolewi na mwingine isipokuwa mwenye nyumba, kwa mkono wake. Mume wangu alikua akiyaona hayo kama wewe ulivyokua ukiona watu wakibisha hodi. Haikumjia kichwani kwamba yuko mtu duniani, achilia mbali ofisi, asiyejua maana ya tawi mlangoni.

Ilemba tulikaa misimu miwili. Kwa mtu aliyezoea baridi ya Ufipa, joto la bondeni ni adhabu, na mbu wa kule hawana heshima. Lakini tulipata majirani wema, Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao, wakatulimia kwa jembe la kukokotwa kwa malipo ya baada ya mavuno. Mume wangu alikonda, mimi nikawa mweusi kama chungu, watoto wakajifunza kupiga mluzi wa wachungaji. Hatukulala na njaa.

Jambo moja tu liliniudhi. Kila mwisho wa mwezi mume wangu alimtumia mama yake hela kidogo kwa simu, halafu anampigia na kumwambia, "Mama, hizo za mashine."

"Unamdanganya mama yako," nilimwambia siku ya kwanza nilipomsikia.

"Sijamdanganya. Nimemtumia hela."

"Hela za mpunga!"

"Zimepita kwenye mfuko wa mtu wa mashine," akasema, akashika jembe lake akaenda.

Nilitaka kumfuata nikamweleze vizuri. Lakini nilimtazama mgongo wake akiingia jarubani, nikaona mtu aliyebeba jambo zito kuliko jembe. Hakuweza kumwambia mama yake kwamba vyuma vimelala. Angeweza kuwaambia watu wote wa Rukwa, si yule. Basi nikanyamaza, na wanaonifahamu watakwambia kwamba mimi kunyamaza ni kazi ya kulipwa.

Msimu wa pili mpunga ulikubali na bei ikawa ya kibinadamu. Tulipanda tena milima tukiwa na magunia na hamu ya ugali wa mahindi. Tulipofika Kizwite, mume wangu aliinama pale mlangoni, akaliinua tawi, akakaa nalo mkononi.

"Hili silo nililoliweka," akasema.

"Tawi ni tawi," nikamjibu. "Shika ufagio, huku ndani buibui wamejenga mji."

Siku mbili hivi baadaye alikwenda kuhuisha leseni. Alirudi mapema, akakaa kwenye kibao nje ya mashine bila kuvua kofia, nami nikajua pameharibika. Leseni haitoki mpaka tulipe kodi. Na kodi yenyewe haikuwa zile robo tulizoziacha tu. Kule ofisini, mashine yetu ilikuwa imeendelea kusaga muda wote tuliokuwa Ilemba. Makadirio yalikuja, yakapita, yakaja mengine, na juu yake riba, na juu ya riba adhabu. Ukifunga biashara sharti uende ukaseme umefunga. Sisi tulikwisha kusema, ila tuliuambia mlango.

Jumla yake ilizidi bei ya mota mpya. Akaambiwa pia, kwa upole, kwamba deni lisiposhughulikiwa mali inaweza kushikwa na kuuzwa.

Usiku ule hakula. Kesho yake vilevile. Gari lolote lenye namba za serikali likipita barabarani, anaingia ndani. Mwanamume aliyekata tawi mbele za watu akaanza kujificha nyuma ya pazia la nyumba yake. Nilimhurumia sana, na huruma yangu mimi hutoka na ukali, kwa hiyo nilimgombeza kuliko siku zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitaiuza."

Alikuwa amempata mnunuzi, mfanyabiashara mmoja wa karibu na soko ambaye aliitamani mashine ile siku nyingi. Mume wangu alisema akiuza mwenyewe atalipa deni, na mama atasikia tu kwamba imeuzwa. Ikipigwa mnada, mama atasikia kwamba imenyang'anywa.

"Na ukishaiuza utamtumia hela za nini?" nikamuuliza.

Nikaona macho yake yamejaa maji, nikatoka nje nikajifanya nafukuza kuku.

Niliporudi nilimwambia, "Mnunuzi wako asubiri. Kwanza tunakwenda kule ofisini wote wawili, na midomo yetu."

"Tukaseme nini?"

"Ukweli. Hatuna kitu kingine cha bei nafuu."

Kwenye benchi la ofisi ya kodi watu hukaa kama wanaosubiri majibu ya vipimo hospitali. Hakuna anayemtazama mwenzake. Kulikuwa na mama wa vitenge ninayemfahamu vizuri kabisa, na siku ile tulisalimiana kana kwamba ndiyo kwanza tumejuana. Aliyetuhudumia alikuwa kijana wa pwani, amevaa sweta na juu ya sweta koti, mikono ameificha ndani ya mikono ya koti. Alitukaribisha vizuri, nami nilikuwa nimejiandaa kugombana, kwa hiyo ule wema ulinichanganya.

"Mnasema mlifunga biashara," akasema. "Mlitoa taarifa?"

"Tulitoa," mume wangu akajibu.

Nikageuka kumtazama.

"Mlimpa nani, baba?"

"Niliweka tawi."

Kalamu ya yule kijana ikasimama. "Tawi gani?"

"La mkaratusi. Pale mlangoni."

Kijana akaiweka kalamu mezani taratibu. Akatazama faili, akamtazama mume wangu, akatazama faili tena. "Mashine ile yenye bati jekundu? Kizwite?"

"Ndiyo hiyo."

"Lile tawi lilikuwa la kwenu?"

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo kila Mtanzania analijua. Mji wetu una sifa ya uchawi. Mtu akipangiwa kazi Sumbawanga, ndugu zake wanakusanyika kama wanamsindikiza vitani. Sisi wenyewe tumechoka kucheka. Tunaugua kama watu wengine, tunafukuzana na mbwa kama watu wengine, wala hakuna aliyewahi kunionyesha mtu anayeruka na ungo, ingawa kwa nauli zilivyo siku hizi ningemwomba anipakie.

Yule kijana akaanza kueleza, sauti ameishusha. Wakati ule alikuwa na wiki chache tu tangu ahamie. Shangazi yake alilia siku ya kumuaga, akamwonya asile kwa watu na asiruke kitu chochote kilicholazwa mlangoni. Kazi yake ya kwanza ya kutoka nje ikawa kutupelekea karatasi za kodi. Akafika, akakuta mlango umefungwa na tawi limelazwa chini, limenyooka kama limepimwa, kutoka ukuta huu mpaka ule.

"Nikasema karatasi hizi zitasubiri," akamalizia.

Nilicheka. Sikupanga kucheka, kicheko kilitoka chenyewe, mama wa vitenge akacheka bila kujua anacheka nini, na benchi zima likaamka. "Baba wewe!" nikamwambia yule kijana. "Lile tawi linasema tumekwenda kulima!"

"Mimi ningejuaje, mama yangu? Wala halina maandishi!"

Mkuu wa ofisi, mwanamke mwenye miwani, akatoka kuja kuona nani anafurahia kodi namna hiyo. Akaelezwa. Hakucheka. Alimgeukia kijana wake.

"Kwa hiyo ulikwenda mwenyewe, ukakuta pamefungwa?"

"Ndiyo, bosi. Niliandika kwamba hapakuwa na mtu."

"Mara moja?"

"Mara mbili. Ya pili ilikuwa mwaka uliofuata. Ndiyo iliyonitisha zaidi, maana safari hiyo tawi lilikuwa bichi, majani yananukia, kama limekatwa asubuhi ile. Nikasema hawa watu bado wanalihudumia."

"Bichi?" mume wangu akauliza.

"Bichi kabisa, baba."

Mume wangu akanitazama. Nikatikisa kichwa. Mwaka huo wote sisi tulikuwa Ilemba na matope hadi magotini.

Yule mama mwenye miwani alitueleza kwa sauti ambayo sikuisahau, haikuwa ya kutubembeleza wala ya kutukaripia. Tuandike maombi ya makadirio ya muda tuliofunga yaangaliwe upya. Tulete barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba mashine haikuwa ikifanya kazi, na kijana wake ataandika alichokiona. Adhabu nayo tuiombee msamaha kwa maandishi, ingawa hakutuahidi kitu. "Lakini zile robo mlizoziacha kabla hamjaondoka ni zenu," akasema. "Hizo mtazilipa. Kama hamna zote, tutapanga mlipe kidogo kidogo, na mkipanga mtimize." Kisha akamwambia mume wangu, "Siku nyingine weka tawi lako, baba. Na hapa pia uje useme."

Tulipotoka nje upepo ulitaka kunivua kitenge, nami nilisikia nimepungukiwa na mzigo ambao nilikuwa nimeuzoea. Mume wangu hakuwa na furaha hiyo. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yetu, yule mwenye mikaratusi.

"Tawi la mlangoni kwangu alikuwa akilibadilisha nani?"

Jirani, mwanamke mtu mzima anayependa maneno kuliko mimi, alifunga mdomo kwa mkono. "Nimekatazwa kusema," akajibu, akaingia ndani.

Mume wangu akarudi nyumbani, akamwambia mnunuzi kwa simu kwamba hauzi.

Maombi yetu yalichukua muda, lakini yalijibiwa. Makadirio ya miaka ya Ilemba yakapunguzwa sana, adhabu wakaondoa baadhi, na lililobaki tukapangiwa kulilipa kwa awamu. Bado lilikuwa deni, tena la kuumiza. Awamu ya kwanza ilikula mpunga tuliokuwa tumeuweka kwa chakula, na mwaka ule Krismasi tulikula ugali na maharage tukasifu upishi. Lakini lilikuwa deni la kulipika, unaliona mwisho wake. Leseni ikatoka. Tukafungua.

Kila siku nikimwambia nenda Kate ukamwambie mama, ananijibu nitakwenda. Nikimuuliza lini, anapaka mota grisi.

Mwisho mama alikuja mwenyewe. Alishuka kwenye bodaboda asubuhi, na gunia lake, akapanga foleni nyuma ya wanawake wa Kizwite. Nilimwendea nikampigia shikamoo, nikataka kumpitisha mbele, akanikatalia kwa jicho. Zamu yake ikafika. Mwanawe akamsagia, unga unamwagika nje ya mfuko. Alipomaliza, mama akatoa hela.

"Mama, acha," mume wangu akasema.

"Shika. Kodi utalipa kwa hela gani?"

Mashine ilikuwa imezimwa, na foleni ilikuwa imeisha. Nakumbuka kimya kile kwa sababu hata mimi sikukiharibu.

"Mama, ulijua?"

Akamjibu kwa Kifipa, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mvua. "Nilikuja kusaga. Nikakuta tawi. Nikasema, wamekwenda kulima, Mungu awape. Lakini lilikuwa limeanza kukauka, na tawi kavu watu wanaokota kuni. Nikakata jingine."

"Lakini si mara moja tu."

"Kila likikauka."

"Kutoka Kate mpaka hapa?" mume wangu akasema. "Nauli ulikuwa unapata wapi?"

Mama mkwe akaanza kufunga mdomo wa gunia lake kwa kamba. "Si ulikuwa unanitumia?" akasema. "Ukaniambia ni hela za mashine. Nikazitumia kwa mashine."

Mume wangu, mtu asiyependa kelele, akageuka akaiwasha mashine. Hapakuwa na punje hata moja ndani yake. Kinu kikanguruma kitupu, bati likatetemeka, na yeye akasimama ameupa ukuta uso, mabega yanapanda na kushuka.

Nilitaka kumfuata. Mama akanishika mkono, akanisogelea sikioni ili nimsikie.

"Inakula umeme bure," akasema. "Mwache kidogo kwanza, halafu ukaizime."